Wanakutazama Ukipita

Mtani wangu Njiku,

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kudhani kwamba sokwe hufuata chakula. Dereva wa lori alilifanya jana mchana mbele ya macho yangu. Alitandaza mkungu mzima wa ndizi mbivu ndani ya kizimba cha mbao kilichofungwa juu ya lori lake, akateremsha ubao wa kupandia, akafungua mlango wa banda, kisha akaketi kivulini huku akijisifu: "Mnyama ni tumbo, mzee. Tumbo likitangulia, miguu inafuata." Alisubiri mpaka ndizi zikaanza kuvuta nyuki. Yule sokwe wetu Sikujua na wenzake watano walikaa kwenye kizingiti cha banda, wakaziangalia zile ndizi kama mtu anavyoangalia mvua inayonyesha kwenye shamba la jirani. Hakuna aliyeinua mguu.

Najua ungecheka mpaka ushike mbavu. Mimi sikuweza kucheka. Nitakueleza mambo kwa mpangilio, maana hata marehemu anastahili kupewa habari kuanzia mwanzo wake, na kwa sababu leo nina haja kubwa na wewe.

Tangu tulipokuzika nyuma ya banda, bonde letu limehama. Amri ilikuja kwamba watu wote waliotawanyika huku porini upande wa Rungwa wakakae pamoja katika kijiji kipya kando ya barabara, penye kisima na shule. Sina ugomvi na shule. Nimefundisha maisha yangu yote kabla ya kuja hapa kukupikia uji na kuandika taarifa za kituo cha sokwe. Lakini ungeona jinsi bonde lilivyo sasa. Watu waling'oa milango wakaenda nayo, kwa hiyo nyumba zimebaki na vinywa wazi. Asubuhi jogoo mmoja aliyesahaulika huwika kwa marehemu Sungi, na hakuna anayeamka.

Tumebaki watatu kwa hesabu yangu: mimi, mkeo Mama Mariamu, na Sikujua, kwa maana sokwe wengine hufanya anachofanya yeye. Mkeo alikataa kuhama. Balozi wa nyumba kumi alimbembeleza, akamtisha, akambembeleza tena. Alimjibu, "Nyumba nitaihamisha. Kaburi nalo nilifunge kwenye kanga?" Balozi hakurudi tena.

Halafu akaja Bwana Nyama, afisa wa wanyamapori wa wilaya. Si mtu mbaya, usimwonee. Alivua kofia, akaniamkia shikamoo kwanza, ndipo akasema kituo kinafungwa. Sokwe watapelekwa kwenye kisiwa cha ziwa kubwa, chenye msitu wa kweli, na huko wataachiwa bila nyavu wala makufuli. Nilifurahi, Njiku. Nilifikiri: hatimaye. Kisha akatazama chini akaongeza, "Lori ni moja, mzee, na litakuja mara moja. Atakayekataa kupanda, siwezi kumwacha huku afe njaa, wala siwezi kumfungulia aende kwenye mashamba ya watu. Unanielewa." Bunduki ilikuwa imelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari lake. Nilimwelewa.

Muda aliotupa unakwisha leo, jua likifika kichwani.

Dereva hakujua, na si kosa lake, kwamba kila mmoja wa sokwe hawa alianza kulijua sanduku siku ileile mama yake alipouawa. Mwindaji humpiga mama risasi, humbandua mtoto kifuani, humtia ndani ya boksi, na boksi huenda kuuzwa. Ndiyo maana tulimwita Sikujua kwa jina lile: mfanyabiashara aliyekamatwa naye kule Kigoma, kwa habari tulizopewa, alirudia neno hilo moja mpaka askari wakachoka kumwuliza. Sokwe walipoletwa hapa, kwenye kambi ya zamani ya wafyeka mapori ya mbung'o, hakuna aliyekubali kuingia hata kwenye banda lenye nyasi laini. Wakubwa wakaweka mapapai ndani, wakaweka karanga, wakaweka matunda ya mbula. Watoto wale walilala nje kwenye umande, wameshikana.

Wewe ulikuwa umeitwa kuziba paa tu. Mrina asali, mguu wa kushoto umevunjwa na nyati, hujawahi kumwona sokwe maishani. Uliteremka kwenye ngazi, ukaingia bandani peke yako, ukaketi chini, ukachota uji kwa kikombe chako cha bati, ukaunywa huku ukiguna kana kwamba ni pilau ya harusi. Uji wenyewe ulikuwa wa uwele, umeungua. Ukafumba macho. Tulipochungulia, Sikujua alikuwa ameketi kando yako, anachambua mshono wa koti lako akitafuta chawa. Ukaniambia bila kufumbua macho, "Mwalimu, mlango ambao hujauingia mwenyewe usimwambie mwenzako auingie." Kuanzia hapo ndiyo ikawa kazi yako: banda jipya, wewe kwanza, uji, wewe kwanza, ile dawa ya zambarau ya vidonda, ulijipaka wewe kwanza mpaka ukaonekana mgonjwa kuliko wao.

Sasa nieleze lile ambalo sijamwandikia mkubwa yeyote.

Asubuhi iliyofuata maziko yako nilibeba ndoo ya uji kama kawaida. Sokwe walikuwa wamekaa kimya kwenye wavu. Nikiwa bado mbali, vichwa vyao vyote viligeuka pamoja kuelekea mlango wa ghala. Vikaanza kusogea polepole kutoka kulia kwenda kushoto, vikifuata kitu kinachopita nje ya wavu. Vilisogea, vikasita kidogo, vikasogea, vikasita. Unaujua mwendo huo. Hakuna mwingine bonde zima aliyetembea hivyo. Vilikwenda mpaka kwenye kigoda chako karibu na lango, vikatulia hapo. Sikujua akanyoosha mkono nje ya wavu, akaanza kuchambua hewa kwa vidole viwili, taratibu, kwa kimo cha bega la mtu aliyeketi.

Unajua mimi ni mtu wa kutafuta sababu. Nilifikiri ni nyigu; nikachunguza, hakuna nyigu. Nilifikiri ni kivuli cha bati la ghala; jioni jua lilipokuwa upande mwingine wakafanya vilevile. Mwishowe nikaamua kwenda kusimama mimi mwenyewe katikati ya njia ile wakati vichwa vinageuka. Yule dume wetu, Gavana, aliinamisha kichwa pembeni, kama mtu aliyezibwa na mwenzake asione vizuri. Akaendelea kutazama nyuma yangu.

Vijana wawili waliokuwa wakifagia mabanda waliacha kazi wiki hiyo. Mmoja aliniaga kwa adabu zote: "Shikamoo Mwalimu, mimi naenda. Kazi ya kugawana na marehemu siiwezi." Sikumlaumu. Mimi nilibaki, na kwa nini nikufiche? Nilikuwa naingojea saa ile. Nilijua kwamba uji ukiiva, vichwa vile vitanionyesha ulipo.

Nilitafakari sana kwa nini hukuenda. Nikakumbuka maziko yako. Homa ilikuchukua katikati ya mvua, gari la zahanati likakwama mtoni, tukakuzika haraka shimo likijaa maji. Walikuwapo watu wachache, na utani haukufanyika. Sisi Wanyiramba na ninyi Wanyaturu ni watani, na mtu hazikwi kwa kilio peke yake. Lazima mtani avae nguo zake, amwige, amcheke, ili marehemu apate kujua kwamba amekufa. Bila hilo atajuaje? Nawe uliniagiza ukiwa mzima. Nilikuwa nimekutania kwamba Mnyaturu analima uwele kwa mkono mmoja ili mwingine ushike kibuyu. Ukasema, "Wewe Mnyiramba ukifa nitakuzika umesimama, uendelee kufundisha. Mimi nikifa usinililie. Chechemea."

Jana, ndizi ziliposhindwa, Mama Mariamu alitoka nyumbani akiwa amebeba koti lako. Ndilo pekee ambalo hakuligawa siku ya kugawa vitu vyako. Alinitupia begani. Alisema, "Mtani, kazi yako hujaifanya."

Nikalivaa. Bado linanuka moshi wa kurinia asali. Nikaenda mpaka mlango wa ghala, nikaanza kuchechemea kando ya wavu, nikiburuza mguu wa kushoto, nikiguna, nikitukana mawe kama ulivyokuwa ukiyatukana. Dereva alicheka akauliza, "Mzee amekunywa nini?" Kisha akarukia ndani ya lori, maana vichwa vilikuwa vimegeuka. Vyote sita. Nikafikiri: wamenikubali, wananifuata mimi.

Hawakuwa wananitazama mimi, Njiku. Walikuwa wanatazama hatua chache mbele yangu.

Nilitaka kusimama nikashindwa. Nikaendelea kuchechemea nyuma ya macho yao. Sikujua akatoka kwenye kizingiti. Gavana akamfuata, na wengine wakafuatana kwa mstari kama watoto wa shule. Wakavuka uwanja, wakapita karibu nami bila kunijali, wakafika penye ubao wa lori. Hapo vichwa vikasimama. Ulikuwa umesimama penye ubao ule. Sijui kwa muda gani. Dereva alikuwa amejificha chini ya usukani akisoma sala. Kisha macho yao yakageuka polepole, yakaondoka kwenye ubao, yakarudi uwanjani, yakatua juu ya Mama Mariamu aliyekuwa amesimama kwenye pembe ya ghala. Yakatulia hapo. Sikujua akalia kwa sauti ndogo, ile ya kumwita mtoto aliyebaki nyuma. Wakageuka wote, wakarudi bandani.

Mkeo aliona. Hakuogopa kama mimi. Alijishika shavu akasema, "Kumbe ananingoja mimi. Na mimi namngoja yeye. Tutangojana mpaka wanyama wa watu wafe?"

Leo asubuhi amenyoa nywele, jambo alilolikataa tangu msiba. Amefunga sufuria zake, jembe na kuku wawili. Kisha alikwenda kaburini, akapiga magoti akasema nawe kwa Kinyaturu. Nilikuwa karibu na nilisikia, lakini maneno hayo siyatii kwenye barua. Ni yako na yake. Aliporudi aliniambia tu, "Nimemruhusu. Mwambie na wewe, maana wewe anakusikiliza zaidi."

Kwa hiyo nakwambia.

Naelewa ninachokuomba. Ukipanda, hutarudi kukaa kwenye kigoda chako. Kule kisiwani watakuwa na miti yao, na siku moja watapita bila kugeuza vichwa. Nami nitakuwa mzee tu mwenye ndoo tupu, sitakuwa na wa kunionyesha ulipo. Nimelipima jambo hilo usiku kucha na nimekubali. Nimekuwa nawe miezi mingi kuliko marafiki wengine wanavyopewa. Kwaheri, mtani wangu. Ulikuwa na miguu mibaya na moyo uliokwenda moja kwa moja.

Nakuahidi haya. Nitaingia kizimbani nyuma yako, nimevaa koti lako, nitaketi na kunywa uji kwa kikombe chako cha bati, na nitaguna hata kama umeungua. Nitasafiri nao mpaka ziwani. Mlango utakapofunguliwa ng'ambo, nitatoka baada yako. Nikirudi, nitakwenda kijiji kipya kumwezekea mkeo nyumba, na kila mvua zinapokwisha nitakuja kupalilia kaburi hili, liwe na mtu au lisiwe naye.

Naandika nikiwa nimeketi kwenye kigoda chako, karatasi juu ya goti. Bwana Nyama amefika. Amebaki ndani ya gari lake na hajagusa kiti cha nyuma. Dereva amewasha lori. Hakuna ndizi kizimbani, nimeziondoa zote. Mama Mariamu amesimama kwenye njia ya kijijini, ametupa mgongo, kuku wakiwa kwapani.

Sasa hivi vichwa vimegeuka. Wanatazama mlango wa ghala, nami ghala nimelifunga kwa mkono wangu. Wanasogea, wanasita. Sikujua amesimama. Umenipita, nimesikia harufu ya moshi ikienda mbele yangu, ingawa koti nimelivaa mimi.

Panda lori, Njiku.