Rundo Lisilo na Jina

Mume wangu Tšeliso,

Huku wazima, ng'ombe kazaa. Shimo la kokoto watu wa barabara wamelifukia, udongo mweusi umerudishwa, nyasi zinaota. Kazi nzuri, siwasengenyi.

Ila walipokuwa bado wanachimba, msimamizi alifika penye mawe ya kaburi la baba yako, daftari mkononi.

"La nani hili, mama?"

"La baba mkwe wangu."

"Jina?"

Unajua kwetu mke halitamki jina la baba mkwe. Nikakimbia kumwita shangazi yako alitaje yeye.

"Rundo lisilo na jina ni kokoto tu," nikamsikia msimamizi akisema nyuma yangu.

Tuliporudi, tingatinga lilikuwa limeshapita. Mawe yale sasa ni barabara ya kuja kwetu.

Jana nilisimama juu yake nikalitamka jina lile kwa sauti: Mokhethi.

Ukija, shukia njia panda, uje taratibu kwa miguu.

Mkeo,
Nthofeela