Kizibo Kisichokazwa

Tunduma, Songwe
9 Juni 2024

Mpendwa mkwe wangu Atupele,

Nimekuficha jambo kwa miaka kumi na mmoja, nami sitaki kuzikwa nalo. Lakini kwanza, hujambo huko Kitwe? Wanafunzi wako wanasoma? Mimi kifua kimenibana. Kutoka kitandani hadi dirishani ni safari, na nikifika naona malori yaliyokwama foleni ya mpakani. Tunatazamana.

Mjukuu wangu Leah ananiuguza vizuri. Jana alinichungulia, akauliza, “Babu, hiyo ni barua au mtihani? Mbona unafuta sana?”

Unaikumbuka ile chumvi yetu ya maabara, iliyo kimiminika bila kupashwa moto. Tuliibana kati ya almasi mbili tukitarajia fuwele. Wapi! Ilikakamaa tu kama kioo, chembe zake zimenaswa ovyo palepale zilipokuwa. Fuwele zilitokea tulipolegeza shinikizo. Siku hizi naifikiria sana.

Unakumbuka pia zamu zetu. Kwetu Ibaba mke wa mtu hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe, basi asubuhi maabara ilikuwa yangu, mchana yako. Ukikohoa ukumbini, mimi natokea mlango wa nyuma. Wenzetu wakicheka, “Daktari anamkimbia fundi wake wa maabara!”

Siku ile ulikohoa mapema. Nilitoka mbio, kizibo nimekiweka juu ya chupa bila kukikaza. Nawe kwa adabu ulisubiri nje saa nzima, kisha ukafanya kazi ukidhani chupa imefungwa. Chumvi ile hunyonya unyevu wa hewa, na maji kidogo tu hubadilisha shinikizo la kukakamaa kwake. Vipimo vyako havikulingana na vyangu. Kamati ya chuo ikasema umezembea, ukafukuzwa kazi, ukavuka mpaka.

Chuo nimekwisha kukiandikia haya. Nakala iko humu.

Msalimie mwanangu Timotheo, na mjukuu wangu Jenista mdogo. Mungu akupe usingizi mtamu, ule ulionikimbia mimi.

Wako akupendaye,
Baba mkwe wako, Enoka

Leah alishaifunga bahasha, nimemwomba aifungue. Miaka yote nilijiambia kwamba mwiko ndio ulionizuia kuketi mbele ya kamati nawe ukiwemo. Si kweli. Mwiko haujawahi kukataza barua. Kizibo nilikikumbuka jioni ileile, kalamu ikiwa mkononi. Nilikuwa nangoja kupandishwa cheo, nikanyamaza.