Jukwaa Lisilo na Viti

Jumatatu, 3 Machi

Bomba la mwisho la kizuizi cha jukwaa la juu la uwanja wa mpira limefungwa leo. Hatimaye! Mafundi wakatupa helmeti hewani, mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakaupokea, wakaanza kuruka palepale. Nami, injinia niliyelichora, nikapiga makofi. Siku kama hii haiji mara mbili.

Nilikuwa nimeegemea bomba. Likaanza kuvuma kiganjani. Kisha nikausikia mtetemo miguuni. Kisha meno — yaligongana kidogo, kama ya mtu aliyeshikwa na homa. Wimbo ukakatika, mafundi wakawa wanacheka na kupigana mabega. Jukwaa halikutulia palepale. Lilichelewa kidogo.

Nyapara aliniona nimekunja uso. Akasema nisijali, kitu kipya lazima kijinyooshe kwanza. Nikacheka. Lakini wale mafundi hawakujaza hata kona moja. Siku ya ufunguzi watapanda watu elfu nne pale!

Jumanne, 4 Machi

Nimekaa na hesabu tangu asubuhi. Chai imepoa mara mbili.

Jambo lenyewe ni jepesi, ndiyo maana linatisha. Jukwaa letu la juu limetokeza mbele kama rafu iliyopigiliwa ukutani. Hakuna nguzo upande wa mbele, ili wakubwa walioko kwenye vyumba vya chini waone uwanja wote. Kitu kilichotokeza hivyo kina mwendo wake, kama bembea. Ukiisukuma bembea ovyo, inasimama. Ukiisukuma kwa wakati wake, hata mtoto anaipeleka juu. Mashabiki wanaoruka kwa mdundo mmoja ndio hao wanaosukuma.

Tulipochora, pale palikuwa na viti. Mtu aliyekaa haruki. Halafu Januari kamati ya uwanja ikaamua viti viondolewe ili mashabiki wasimame, maana wao wenyewe waliomba, na wakisimama huenea wengi zaidi. Jukwaa lilikuwa limeshajengwa.

Na nani aliongoza ujumbe wa mashabiki kwenda kuomba? Mdogo wangu! Debe mwenyewe. Fundi friji mchana, mpiga ngoma wa timu kila mechi. Walimwita Debe tangu shule, eti debe tupu haliachi kuvuma. Siku ile aliporudi na jibu la kamati, Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaoa.

Nimempelekea Bosi hesabu. Hakufungua hata ukurasa wa pili. Akasema zege halijui nani amekaa nani amesimama, uzito ni uleule.

Uzito, ndiyo. Mwendo je?

Jumatano, 5 Machi

Kikao. Chumba kidogo, feni mbovu, na watu wote wameketi kana kwamba wana gari la kuwahi. Nimesema nataka jaribio kabla ya ufunguzi: watu wapande, waruke, tupime mtikisiko. Mwenyekiti wa kamati — wote tunamwita Mheshimiwa — akauliza kwa upole kwa nini tusitumie mifuko ya mchanga.

"Mifuko ya mchanga hairuki, Mheshimiwa."

Watu wakacheka. Bosi hakucheka.

Alinisubiri kwenye korido. "Umenivua nguo mbele ya mteja," akasema. Nikamwambia sikuwa na nia hiyo. "Unataka watu? Tafuta watu. Jumamosi ya wiki ijayo ikifika huna watu, unatia sahihi tunafungua tarehe ishirini na tisa. Tumeelewana, binti?"

Binti! Miaka kumi na moja ofisini kwake.

Mchana nikamwomba nyapara aniulizie kwa mafundi. Jibu likaja kabla sijamaliza kula: wameajiriwa kujenga, hawakuajiriwa kuwa mawe ya mizani. Siwalaumu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekosea kuongea na simu jikoni. Mama anasikia hata sindano ikianguka kwa jirani. Wakati wa chakula akauliza, bila kuinua macho kwenye sahani: "Hilo jukwaa lina nini?"

Debe akaacha kutafuna.

Nikaeleza. Nilijaribu kueleza polepole. Bembea, mdundo, yote. Debe akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha:

"Kwa hiyo unataka kuturudishia viti."

"Nataka kupima."

"Ukipima ukakuta baya, viti vinarudi. Dada, tumesubiri miaka mingapi kupata mahali petu? Wewe ndiye unakuja kutung'oa?"

"Sijasema hivyo."

"Basi chukua watu wangu. Mia nne nakuletea, wanaojua kuruka. Tutalirukia mpaka liombe radhi. Likibaki limesimama, unatia sahihi, mambo yamekwisha."

Nikasema hapana. Nikasema hapana tena, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Mama akaondoa sahani kabla hatujamaliza.

Jumapili, 9 Machi

Siku tatu Debe ananisalimia kwa Mama. "Mama, mwambie Dada maji yametoka." Nimekaa naye meza moja!

Leo nilimfuata kibarazani. Alikuwa amefungua mgongo wa friji la mtu, mikono imejaa grisi. Nikamwambia siwezi kupandisha watu mahali ambapo sina hakika napo.

Hakugeuka. "Ufunguzi tutapanda hatutapanda?"

"Mtapanda."

"Elfu nne?"

"Elfu nne."

"Utakuwa na hakika siku hiyo?"

Akageuka sasa, akanitazama jinsi alivyokuwa akinitazama tukiwa wadogo, mimi nikiwa nimejua jibu na yeye ameshaliona usoni kwangu. "Kama hatufai kupanda mia nne, ukiwa umejiandaa, na vyombo vyako, na daktari getini," akasema, "basi useme leo kwamba hatufai kupanda kabisa. Usijifiche nyuma ya huruma."

Sikulala mchana kama nilivyokusudia. Yuko sahihi, na nimechukia kwamba yuko sahihi.

Nimempigia nyapara. Nahitaji nguzo za chuma chini ya ukingo wote wa mbele, ziachwe zikiwa mbali na zege kiasi cha kupenyeza kidole. Zikiligusa, jaribio ni uongo. Zikiwa mbali sana, hazina faida. Jukwaa likishuka kupita kiasi, liziangukie hizo, lisiende popote.

Akasema, "Dada injinia, kama ni hivyo, nitazifunga mwenyewe."

Jumatano, 12 Machi

Kibali cha kuwapandisha watu wa Debe kimetoka. Bosi ametia sahihi, akaisukuma karatasi kwangu kwa ncha ya kalamu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefika saiti asubuhi — nguzo hazipo! Nusu nzima ya upande wa kushoto, peupe! Chini yake mafundi wa vigae wamepiga magoti wanasakafia vyumba vya wakubwa, redio inaimba.

Nani katoa? Bosi kasema zitolewe. Kwa nini? Mheshimiwa anakuja kutazama vigae.

Nilipanda ngazi za ofisi ya saiti mbilimbili. Bosi alikuwa anakunywa maji. Akaniambia nguzo zinazuia kazi, na kwa vyovyote mimi ndiye nimekuwa nikidai kwamba jukwaa ni zuri.

"Sijawahi kudai hivyo! Nimedai sijui!"

"Ulilichora wewe."

"Nililichorea viti."

Akatua glasi. Kwa mara ya kwanza niliona amechoka, macho mekundu, ndevu za siku mbili. Akasema, chinichini, kwamba tukichelewesha ufunguzi kampuni haitapata kazi nyingine ya namna hii, na vijana wote wale pale chini watarudi kukaa vibarazani. "Unafikiri mimi sina watoto watakaopanda pale?" Kisha akafunga mlango, mimi nikiwa nje.

Sikujua nifanye nini. Nikashuka, nikashika nguzo moja, nikaanza kuiburura. Nzito kama maiti! Fundi wa vigae akazima redio. Mwingine akaja kushika upande wa pili. Nyapara akatokea, akawaita wake. Hatukuulizana ruhusa. Jioni nguzo zote zilikuwa mahali pake, na kidole changu kimepita juu ya kila moja.

Vigae vipya vimechubuka. Nitajibu.

Jumamosi, 15 Machi

Saa mbili asubuhi. Wamekuja. Walikuja wakiimba kutoka mbali, nikawasikia kabla sijawaona. Skafu, vuvuzela, mzee mmoja na magongo yake — huyo nimemrudisha, kagombana nami mpaka kachoka. Debe mbele, ngoma tumboni, ameniita "Injinia" mbele ya wenzake kwa heshima kabisa. Tangu Jumapili ile kibarazani ndilo neno la kwanza aliloniambia mwenyewe.

Nimewaeleza. Raundi ya kwanza mnatembea. Ya pili mnaruka polepole. Ya tatu wimbo wenu, kama siku ya mechi. Nikiinua bendera nyekundu mnaacha, hata kama mguu uko hewani. Wakacheka. Nikasema tena, wasicheke.

Vipima mtikisiko vimebandikwa chini ya ukingo. Mimi niko uwanjani, meza, kompyuta, mwavuli. Kwenye kioo cha kompyuta nimechora mstari mwekundu, kikomo ambacho mstari wa mtikisiko haupaswi kukivuka. Bosi amesimama nyuma yangu. Mheshimiwa hakuja, anataka apigiwe.

Baadaye kidogo. Raundi ya kwanza shwari. Mtikisiko kama wa mtu anayetembea sebuleni.

Kisha nikainua macho — safu ya tatu, katikati, kitambaa cha bluu. Mama!

Nimepanda mbio. Nimemwambia ashuke. Amekaa kwenye ngazi ya zege kama mtu aliyefika kwake, mkoba mapajani. Hajawahi kutazama mpira hata kwenye televisheni.

"Mama, hapa si pa kukaa."

"Mwanangu mmoja yuko juu anapiga ngoma, mwingine yuko chini anatazama kompyuta. Mimi nikae wapi?"

"Nyumbani!"

"Nyumbani nitasikia nini?"

Debe amejaribu pia. Kajibiwa hivyohivyo. Hakuna aliyewahi kumshusha Mama mahali.

Saa nne na nusu. Raundi ya pili imekwisha. Naandika ili nisipige kelele.

Walianza vizuri. Polepole, Debe anawashika kwa ngoma. Mstari ukapanda, ukatulia. Nikapumua. Kisha mashabiki wakaanza kuchangamka, mdundo ukakaza kidogo tu — kidogo! — hata si wimbo wao bado. Mstari ukaruka. Haukuugusa ule mwekundu. Uliukaribia, kama mtu anayenong'ona sikioni. Nikainua bendera. Wakaacha. Na jukwaa likaendelea. Niliona kwa macho, bila kompyuta: ukingo unapanda, unashuka, watu wamesimama kimya, wameduwaa, wanajitazama miguu.

Nyapara amekagua. Nguzo tatu za kati zina alama mbichi ya zege. Zimeguswa.

Bosi ameegemea meza. "Chini ya mstari ni chini ya mstari," kasema. "Malizia raundi ya tatu."

Nikamwambia raundi ya tatu haipo.

Akasema nimeomba watu, nimepewa watu. Akasema nimfikirie Mheshimiwa. Nikachukua kipaza sauti. Sauti haikutetemeka, sijui ilitoka wapi. "Shukeni. Safu ya mbele kwanza. Kila mtu kwa mwendo wake, msilinganishe hatua."

Wakazomea! Mia nne wananizomea mimi. Mmoja kapiga kelele kwamba nimetumwa na wenye viti. Debe akasimama juu ya ngazi akawageukia, akainua mikono yote miwili. Sikusikia alichosema. Wakanyamaza. Wakaanza kushuka, vichwa chini, skafu mkononi.

Yeye hakushuka. Amekaa palepale, ngoma imelala ubavuni. Anajua. Viti vitarudi, au nguzo zitapandwa mbele ya vyumba vya wakubwa, na yeye ndiye atakayewaambia wenzake kwamba ni dada yake. Mama amesogea karibu naye. Wanaongea. Namwona Mama anamfuta uso kwa ncha ya kitambaa, naye anakataa, kisha hakatai tena.

Bosi ameninyooshea simu. "Mheshimiwa. Anataka kusikia kwa mdomo wako."

Safu zote zimeshuka. Wamebaki wawili tu kule juu. Nimempungia Debe. Hajaniona, au kaniona.

Simu ya Bosi imekatika. Sasa inaita yangu, hapa mezani, inasogea yenyewe juu ya karatasi. Nikiipokea nitalazimika kuwapa mgongo Mama na Debe.

Acha iite.