Boti Isiyoliwa na Zebaki

Nyamisangura, Tarime

Baba yangu,

Shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yake, ingawa najua amekaa hapo pembeni anasubiri asomewe. Nakuomba barua hii uisome peke yako kwanza, halafu umwambie yale utakayoona yanamfaa. Kifua chako kimepoa? Mvua za huko zimekuja, au bado mnaangalia mawingu yanapita kwenda kwa wenzenu? Mdogo wangu Bwire aliniambia kwamba mtumbwi sasa unavuja mpaka mkono mmoja unavuta nyavu na mwingine unachota maji kwa kopo. Maneno yale yaliniuma, Baba, hata kama yeye aliyasema akicheka.

Sisi huku tunakula na tunalala, tumshukuru Mungu. Mwandiko utanisamehe. Jirani yetu amefunga krasha la kusaga mawe na likinguruma meza inacheza. Doa hilo hapo juu ni chai, usije ukadhani nalia.

Utauliza kwa nini niandike na simu ipo. Simu yako, Baba, huwekwa spika. Mara ya mwisho nilipotamka neno boti nilisikia watu nisiowajua wakinipongeza, na mmoja akaomba kazi. Haya ninayotaka kukuambia siyo ya kusikilizwa na wavuvi wa mwalo mzima.

Barua anakuletea mkweo Nyangeta, pamoja na boti yenyewe. Kwa hiyo boti umeshaiona kabla hujafungua bahasha, na najua umeshakasirika. Ulisema alumini. Nimekuletea faiba. Kaa kwanza nikueleze.

Nilikwenda Sirari kama ulivyoniagiza, kwa Mama Ghati, yule anayeleta boti zilizotumika kutoka ng'ambo, upande wa Kenya. Alikuwa na mbili zimelazwa nyuma ya malori, moja ya alumini na moja ya faiba, urefu karibu sawa. Nilizizunguka kama mtu anayechagua ng'ombe wa mahari. Nilimwambia yote uliyosema, kwamba faiba ni plastiki, na plastiki ni ya ndoo, na kwamba mawe ya kwetu Ukerewe hayana huruma.

Mama Ghati akacheka. "Kama mzee anakaa kwa mawe, chukua alumini," akasema. "Ikigonga inabonyea tu, hiyo ingine inapasuka. Lakini ikitoboka, huko kisiwani nani atawachomelea? Alumini si kila welda anaiweza. Faiba hata wewe mwenyewe unabandika kitambaa na gundi yake, unaenda kuvua."

"Wewe ungekuwa mimi ungechukua gani?"

"Mimi nauza zote. Chukua ile unataka."

Nikachukua ya alumini, kwa sababu ndiyo uliyotaka wewe. Niliipenda pia, nisikudanganye. Ilikuwa nyepesi, watu wanne tuliinyanyua tukaipandisha gari bila kutoa jasho. Kelele tu ndizo zilinitia shaka. Ukidondosha kitu ndani inalia kama sufuria, nikajiuliza samaki watasemaje. Nikajijibu kwamba Baba akishazeeka masikio hatazisikia.

Tuliiweka hapa uani tunapopanga. Fundi Marwa akaja kutengeneza mahali pa kufunga injini nyuma, kwa maana injini nayo nilikuwa nimeipangia. Akakwangua rangi na ukoko wote pale nyuma mpaka bati likang'aa. Akasema kesho atarudi na mashine ya kuchomelea. Jioni ikanyesha. Nyangeta alikuwa ametoka machimboni na vyombo vyake, chumba chetu kimejaa, akaviweka ndani ya boti akafunika na turubai.

Hapa lazima nikueleze kazi yetu, maana sijawahi kukueleza sawasawa. Nilikuambia tunasafisha dhahabu, ukadhani tunaosha kama vyombo. Mawe yakishasagwa yanakuwa mchanga, na dhahabu imo humo lakini huioni. Unaweka mchanga kwenye karai na maji, unamwagia zebaki. Zebaki ni chuma kinachotiririka kama maji, cheupe, kizito. Unakoroga kwa mkono mpaka zebaki ikusanye dhahabu yote, halafu unakamua kwenye kitambaa, kinabaki kidonge. Kidonge kinachomwa kwenye moto, zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki. Nyangeta ndiye anayekoroga na kukamua, mikono mitupu, na machimboni wanasema hakuna mtu anayemfikia. Wenye mawe wanapanga foleni kumsubiri. Mimi nachoma tu humu chumbani, kazi nyepesi, unakaa karibu na jiko unangoja.

Sasa, chupa ya zebaki ilikuwa na kifuniko kilicholegea.

Asubuhi nikasikia Marwa ananiita kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka. "Masatu, njoo uone. Boti yako imeota nywele."

Nikajua amekunywa. Nikatoka. Baba, ilikuwa imeota nywele. Pale nyuma alipokuwa amekwangua palikuwa na manyoya meupe yaliyosimama, marefu kama unyoya wa kifaranga. Nikayapangusa na kiganja, yakadondoka kama jivu, na bati chini yake lilikuwa na joto kama paji la mtoto mwenye homa. Tukasimama tukiangalia. Yakaanza kuota tena hapo hapo mbele ya macho yetu, polepole. Nikabonyeza kwa kidole, kidole kikazama, bati likamomonyoka kama mkate mkavu.

Marwa akarudi nyuma. "Mimi sichomelei kitu chenye nywele," akasema. "Huyo mtu aliyekufanyia hivi kamtafute, mkayamalize. Halafu mniite."

Nyangeta alisogea karibu. Aliinama ndani ya boti, akapitisha kidole kwenye mfereji wa chini, akainuka na tone la zebaki kwenye kiganja, dogo kama punje ya mtama. "Siyo mtu," akasema. "Ni hii."

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini zebaki huzoleka, na yeye aliizoa yote, tone kwa tone, akairudisha kwenye chupa kwa sababu ni mali. Alipomaliza alibaki amekaa kwenye ukingo wa boti anaangalia viganja vyake. Pete yake ya ndoa unaikumbuka, ile ya dhahabu aliyopewa na Mama? Iligeuka nyeupe zamani. Watu machimboni humtania kwamba ameolewa mara ya pili kwa pete ya fedha. Nami nilikuwa nacheka nao.

"Hilo bati ni gumu kuliko mimi," akasema.

Nilimfokea. Nilimfokea kuhusu kifuniko cha chupa, mbele ya Marwa na majirani, mpaka Marwa akabeba vifaa vyake akaondoka bila kuaga. Siku hizi nakasirika upesi, sijui ni jua la huku au ni umri. Lakini hata nilipokuwa nafoka nilikuwa nawaza kitu kimoja, nacho ni mimba yetu ya kwanza, ile iliyotoka, mkasema ni mapenzi ya Mungu. Sasa ana nyingine, Baba. Utaniwia radhi kwamba unajulishwa hivi. Imeanza kuonekana. Na kila siku alikuwa anaingiza mikono ndani ya kitu kinachokula boti.

Naogopa. Nikiandika hivi naona aibu, lakini ndivyo ilivyo.

Ndiyo maana imekuja faiba. Nilimwambia Mama Ghati kila kitu, naye akakubali kuchukua sehemu ya mbele ya ile ya alumini, iliyobaki nzima, nami nikaongeza dhahabu yote niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya injini. Angeweza kunikatalia. Alipoona lile shimo aligusa akasema, "Woi, na nyinyi mnakula na hiyo mikono?" Basi boti inakuja bila injini. Tumia makasia ya mtumbwi kwanza. Ikigonga mwamba, Marwa alirudi baadaye akamfundisha Nyangeta kubandika kitambaa na gundi. Na mimi nikija nyumbani na nguo zangu na mabegi yangu ya huku, sitaogopa kukaa ndani yake. Zebaki haina njaa na faiba.

Sasa ndiyo naingia kwenye ombi lenyewe.

Nyangeta anajua kwamba anakuja kukabidhi boti, apumzike kidogo, arudi. Ndivyo nilivyomwambia, maana ningemwambia ukweli asingepanda gari. Yeye anasema mikono yake ndiyo inatulisha, na hakosei. Nakuomba usimruhusu kurudi. Mpe shamba, mpe dagaa wa kuanika, mpe hata wajukuu wa jirani awalee. Najijua mimi. Mawe mazuri yakitoka, na injini nikiiwaza, nitapiga simu nimwite, na nitakuwa na maneno matamu. Usimpe nauli. Nikisema kuna mtu amepata mipira ya kuvaa mikononi, usikubali. Nikisema naumwa nahitaji wa kunipikia, usiniamini hata kidogo, ni njama tu.

Na Bwire akitamani kuja huku, mwonyeshe aya hizi. Kama hata hizo hazitoshi, mwonyeshe ile pete.

Nisalimie Mama sana, umwambie kikapu cha ulezi kilicho mbele ya boti ni chake. Nisalimie shangazi muuza dagaa, asidhani nimemsahau, na mwinjilisti wetu aendelee kuniombea kwa sauti kubwa kama kawaida yake. Bwire mwambie kasia la kushoto ni lake.

Nakuaga kwa heshima, nikitamani kukushika mkono.

Mwanao,
Masatu


Baba, shikamoo. Ni mimi Nyangeta. Naandika nyuma ya karatasi, kwa kalamu ya dereva wa Fuso, lori lililobeba boti. Tupo Kisorya tunasubiri kivuko.

Bahasha nimeifungua. Mtanisamehe. Mtu akikusisitizia sana kwamba barua ni ya baba tu, lazima uifungue.

Sitarudi machimboni. Kwa hilo msihangaike kunifungia, nilishaamua siku ile ile nilipoona bati linamomonyoka. Nilipanda gari nikiwa najua, nikamwacha adhani ananidanganya, maana ilimpa moyo wa kuniaga vizuri.

Lakini Baba, kuhusu ule mwandiko, jirani yetu pale Nyamisangura anauza nyanya. Hana krasha. Krasha liko machimboni, mwendo mrefu wa pikipiki. Na meza yetu ina miguu minne iliyokaa sawa, niliinunua mimi.

Mimi nagusa kwa mikono. Yeye ndiye anayeuvuta ule moshi wa zebaki, chumbani, mlango umefungwa ili wezi wasione moto. Amefanya hivyo tangu tulipofika. Anasahau majina. Meno yanamuuma, anasema ni miwa. Hasira ile hakuwa nayo tulipooana, nyinyi mliomlea mnajua. Angalia mwandiko wake alipoanza, na alipofika kwenye jina lake.

Amekuambia akisema anaumwa usimwamini. Hatasema, Baba. Hilo halitamtoka mdomoni.

Gari hili linarudi Tarime kesho likishashusha. Naomba Bwire apande nalo akamlete kaka yake. Akifika asibishane naye kuhusu zebaki, atashindwa. Amtilie chai kikombe kijae mpaka juu, ampe, halafu amwangalie anavyokibeba.

Mkwe wenu,
Nyangeta