Kiwanja cha Darsait

Ijumaa, 4 Septemba 1970
Mazoezi ya asubuhi, peke yangu, nje ya chumba changu hapa Darsait. Kuchuchumaa mara hamsini. Majirani wanachungulia, kisha wanafunga madirisha. Wiki ya nne tangu nitoke Moscow. Diploma yangu ya elimu ya viungo ni ya Kirusi. Mkubwa wa ofisi kule Maskati aliigeuza juu chini, akaitia kwenye mtoto wa meza. Nikapewa taipureta.

Jumapili, 6 Septemba
Ami Nassor, ndugu wa baba, kanialika chakula. Wali, papa, na nasaha: nifiche vitabu vyangu vya Kirusi. Ananiita Mrusi mbele ya wageni, nao wanacheka. Nami nikacheka. Nilikereka hata sahani sikuimaliza.

Alkhamisi, 17 Septemba
Nimesoma tena habari za miaka ya ishirini kule Moscow. Wafanyakazi wa viwandani wakijijengea viwanja vya michezo kwa mikono yao, siku za mapumziko, bila malipo. Mwalimu wangu alibeba matofali akiwa msichana. Uzeeni bado alikuwa akitembeleana na wenzake waliobeba naye. Namwonea wivu. Hapa simjui mtu wa kunywa naye chai. Nitajenga kiwanja, watu watakuja.

Ijumaa, 25 Septemba
Nimepata mahali! Nyuma ya nyumba zetu. Pana, tambarare, changarawe tupu, hakuna aliyejenga. Ajabu ya watu, kuiacha ardhi kama hii. Nimeokota mawe tangu sala mpaka magharibi. Hakuja mtu. Kaja Mzee Khalfan tu, mwenye nyumba ya ukingoni. Mzaliwa wa hapa, Kiswahili hana. Kiarabu changu ni cha chuoni, cha kusomea msahafu, lakini nilimfahamu: hapa hupita maji. Maji gani? Tangu nije sijaona tone. Kwetu Unguja mto ni mto, una maji.

Ijumaa, 16 Oktoba
Wamekuja watatu! Wazanzibari wote. Tumepanga mawe ng'ambo ya nyumba ya mzee, safu tatu, watazamaji wakae. Kazi safi. Mzee Khalfan kaja tena na maneno yaleyale. Nikajitia nimeshughulika. Huyu atanifukuzia watu.

Ijumaa, 23 Oktoba
Kumi na mmoja! Mistari miwili, mimi nahesabu, wao wananyoosha mikono. Mmoja kaniambia, "Mwalimu, nna miaka sita sijacheka hivi." Nilitaka kulia. Mzee alisimama pembeni akionesha milima. Nikampungia mkono aende zake.

Ijumaa, 4 Desemba
Ramadhani imepita, idi imepita. Wamerudi saba. Si haba. Mzee pia karudi. Sikumjibu salamu. Vibaya, najua.

Jumatano, 9 Desemba
Mvua milimani tangu asubuhi. Hapa manyunyu tu. Alasiri maji yakaja yote kwa pamoja, ya rangi ya udongo, na miti ndani yake. Kiwanja hakipo. Safu za mawe zimesimama. Tulizipanga vizuri mno. Zimeyasukuma maji upande wa pili, yakaingia kwa Mzee Khalfan.

Alkhamisi, 10 Desemba
Hakufa mtu, alhamdulillahi. Magodoro, mchele, sanduku la nguo za marehemu mkewe, vyote vimekwenda. Ukuta wa mbele umeanguka. Binti yake kamchukua, kaenda naye kwake Ghubra. Walipompakia garini mimi nilikuwa chumbani, mlango nimeufunga. Muoga.

Ijumaa, 11 Desemba
Hakuja mtu. Wale wenzangu nimekutana nao msikitini. Salamu ya haraka, kila mtu njia yake. Ami Nassor kasema ninyamaze, watasahau.

Nimefikiri sana leo. Wengine walikuja Ijumaa mbili, tatu. Ukiondoa Ramadhani, aliyekuja kila Ijumaa ni mmoja, akasimama juani akisema nami. Nami nilikuwa nikiandika humu kwamba sina mtu.

Nimebomoa safu ya kwanza. Zimebaki mbili.