Paka Mwenye Sauti Yangu

Jumanne, 8 Julai

Sikio la kushoto limekwama tena. Nimefungua kichwa, nimebadilisha mota, nimefunga. Limekwama. Nimefungua tena. Mtoto wa miaka miwili hajali sikio. Mutua anajali, na karakana ni yake.

Paka wetu anaitwa Nyau. Ndani plastiki na nyaya, nje manyoya. Kazi yake kuwafundisha watoto wadogo kuamkiana, kuhesabu, kutaja rangi, kuomba kwa adabu. Ukimbonyeza pua anacheka. Mwanzo Mutua alitengeneza mbwa. Mutua ni mtu wa Machakos, kwao mbwa analala mlangoni. Mbwa mzuri, hata pua aliitia unyevu ifanane na kweli. Nikamwambia ampeleke kwetu Kibokoni, ambako pua mbichi ya mbwa ni najisi, aone. Alimpeleka. Mama wa kwanza alimnyanyua mwanawe akampandisha juu ya meza. Mbwa akawa paka.

Leo Nyau amecheka kutwa mezani pangu. Anayecheka ni mimi. Sauti yote ni yangu. Naisikia na sihisi kitu.

Alhamisi, 10 Julai

Mutua ameniuliza ile sauti niliirekodi vipi ikatoka safi hivyo. Karakana iko ghorofani Mwembe Tayari, chini yetu mabasi ya bara, honi haziishi. Nikamwambia nilirekodi nyumbani. Sikumwambia kabatini.

Nilikuwa edani. Omar, mume wangu, alianguka kazini bandarini, hakuinuka. Nikakaa ndani kama inavyotakiwa, na kazi ya sauti ikanifuata huko kwa kuwa ndiyo pekee isiyonitaka nitoke. Nyumba yetu Kibokoni dari iko juu, ukisema neno linavuma. Na wanawake wa tanzia wakiingia na kutoka. Palipo kimya ni ndani ya kabati la nguo tu. Nikawa naingia humo na simu, kanzu za Omar zikinigusa uso, navuta mlango, nacheka. Habari ya asubuhi, rafiki! Haya, tuhesabu! Pole, njoo nikupulize! Kisha natoka, nakaa mkekani, sisemi na mtu hadi kesho yake.

Mutua anasema hajasikia sauti yenye furaha kama ile. Haya.

Jumamosi, 12 Julai

Nimemleta Nyau mmoja nyumbani kumjaribu kwa Rukia. Rukia ni binti yangu, wa pekee. Ametimiza miaka miwili na kidogo. Anafaa kabisa kwa jaribio, ndivyo nilivyofikiri, na ndivyo nilivyomwandikia Mutua.

Alimbonyeza pua. Nyau akacheka. Rukia hakunitazama mimi. Alitazama kabati. Kisha akamkumbatia Nyau, akamwekea shavu.

Mama yangu alikuwa kizingitini na sinia la mchele. Aliona. Akarudi jikoni na mchele wake.

Jumapili, 13 Julai

Amekula mahamri mawili kwa kuwa Nyau kamwambia ale. Ameoga kwa kuwa Nyau kamwambia aoge. Mimi huwa namkimbiza nyumba nzima. Nimeandika kwa ajili ya ripoti: anatii haraka, anarudia maneno. Nilifurahi kikazi.

Jumatano, 16 Julai

Rukia ameanguka ngazini, akapasua mdomo. Nilikuwa chini ya ngazi. Nilimfungulia mikono. Alinipita. Alinipita akilia, damu kidevuni, akaingia chumbani.

Nyau akisikia kilio husema pole. Pole, njoo nikupulize. Nilipoingia nilimkuta Rukia ameuweka mdomo wake pale kwenye spika, anangoja apulizwe.

Nilisimama na pamba mkononi. Sikulia.

Mama alinichukua pamba, akamfuta mjukuu wake. Halafu akasema, bila ukali, na hilo ndilo lililoniuma:

"Huyu mwana hamtaki paka, Salma. Yuwaitaka sauti yako. Alikuwa akikaa hapo mlangoni mwa kabati akikusikia wateka kicheko hiki hiki, na ukitoka humwambii neno."

Sikujua kama alikuwa akikaa hapo. Naandika hivyo kisha natazama nilivyoandika. Nilikuwa nikimruka nikitoka. Ndiyo kusema nilijua.

Ijumaa, 18 Julai

Nimemwomba Mutua tubadilishe sauti. Amecheka, akidhani natania. Wafadhili wanakuja Ijumaa ijayo na watoto wa chekechea wamealikwa.

"Dada Salma, ukitoa hiyo sauti hakuna Nyau. Kuna mdoli tu."

Akaniuliza sababu. Nikasema koo langu halikuwa sawa siku zile, kuna maneno hayakutoka vizuri. Uongo mtupu. Akaniambia yametoka vizuri kuliko yote.

Jumatatu, 21 Julai

Asubuhi kabla Rukia hajaamka nimemfungua Nyau wa nyumbani tumbo, nikachomoa waya wa spika. Nilidhani nafanya la maana. Sauti ikiisha kwa paka atanirudia mimi, ndivyo nilivyopiga hesabu.

Aliamka, akambonyeza pua. Kimya. Akabonyeza tena. Akamtikisa. Akamlaza chini taratibu.

Kisha akaenda kwenye kabati, akabisha.

"Mama."

Nilikuwa nimekaa kitandani, nyuma yake. Hapo hapo.

"Mama. Toka."

Niliita jina lake. Aligeuka, akaniona, akageukia kabati akabisha tena. Nikainuka nikamfungulia. Akazisogeza kanzu moja moja, akaingia hadi nyuma, akatoka. Hakulia. Alinitazama tu, kama mimi ndiye niliyemficha mama yake.

Nimerudisha waya kabla ya kwenda kazini. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo. Nimeichukia mikono hiyo.

Jumanne, 22 Julai

Nimemwambia Mutua yote. Eda, kabati, ngazi, kubisha. Nilisema kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vipuri. Alizima kompyuta, akakaa.

"Pole sana, dada," akasema baadaye. Ijumaa itabidi iende hivi hivi, hakuna njia. Baada ya hapo shemeji yake, mwalimu wa chekechea, atarekodi upya. Nikakubali. Kisha akaniuliza kama nataka kupumzika. Nikamwambia bado kuna lile sikio.

Ijumaa, 25 Julai

Maonyesho yamekwenda vizuri. Ukumbi ulijaa. Kila mtoto na Nyau wake, kila mmoja anambonyeza pua. Mimi nacheka huku, nacheka kule, nacheka chini ya viti. Mfadhili mmoja alinishika mkono akasema hakika mwanangu ana bahati kuwa na mama mchangamfu kiasi hiki. Nikasema ahsante.

Masikio yote yalisimama vizuri. Nilitamani betri za wote ziishe kwa pamoja.

Jumapili, 27 Julai

Jana nilimrudisha Nyau karakana. Rukia alimtafuta chini ya kitanda, nyuma ya mlango, kabatini. Nililiacha kabati wazi tangu asubuhi ili asibishe.

Leo nimekaa jikoni chini, na vitunguu vya pilau. Mama aliingia, akaona, akatoka akatuachia jiko. Nikaanza kusema. Siwezi ile sauti ya furaha, nilijaribu neno moja nikaona haya. Nikasema kwa hii niliyo nayo, kavu. Nikasema hiki ni kitunguu. Sasa namenya. Hiki kimeoza kidogo, nakikata hapa. Baba alikuwa akivipenda vibichi. Baba amekufa, Rukia. Mimi nilikuwa ndani ya kabati lakini nimetoka. Hiki ni kitunguu kingine.

Rukia alikuwa amesimama mlangoni muda wote, kidole mdomoni. Kisha akaja mbele yangu, akaninyooshea mkono.

"Kamoo."

Akaubusu mkono wangu unaonuka vitunguu. Ndivyo Mama alivyomfundisha wakati wa tanzia, awaamkie wanawake wageni waliokuwa wakija. Kwangu hajawahi kufanya.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia.

Akakaa. Si pajani. Pembeni, mkekani, mguu wake ukigusa wangu kidogo. Nikaendelea kumweleza vitunguu mpaka vikaisha, kisha nikaanza viazi.