Orodha ya Waliosimama

Kisangani, komini ya Mangobo,
tarehe 16 Machi

Yaya Adèle, dada yangu,

Pokea salamu zangu nyingi huko Basoko, uwagawie watoto, na umshukuru kwa niaba yangu yule mama aliyewapa chumba. Homa ya mdogo imeshuka? Wiki iliyopita nilimpa mtu wa boti dawa zake, lakini sina hakika kama zilifika zote, maana watu wa boti nao huumwa kichwa. Na wewe, unakula? Mimi mwili ni mzima. Mwanao Papy pia ni mzima. Tangu aje kukaa kwangu ndiye anayepika, na lituma yake ya ndizi imejaa madonge, ila nakula bila kunung'unika.

Yaya, muda si mrefu utaulizwa neno moja kuhusu Mohamadi, yule mwenye baleinière, boti ndefu ya mbao, anayepeleka chumvi na sabuni Lomami. Baba wadogo wa Papy wamemkamata, na wamesema mjane wa Sadrack ndiye atakayeamua kama mtu huyo afe au aishi. Nakuomba kwa jina la mama yetu, usitoe neno hilo kabla hujamaliza kusoma barua hii. Ningeweza kukupigia simu. Lakini wazee wa ukoo wa mume wako watataka karatasi yenye jina na sahihi, na kusema kweli, sina moyo wa kuisikia sauti yako upande wa pili.

Nianze na uongo wa kwanza. Nilipopanda mto Lomami kwenda kumzika shemeji Sadrack, wewe ulikuwa umeshakimbia na watoto kwa pirogi, na tulipoonana nilikuambia kwamba alikufa kwa pigo moja. Si kweli. Vijana wa kijiji cha ng'ambo ya kijito walimtoa nyumbani asubuhi, jua limeshapanda, wakampeleka uwanja wa soko mbele ya ile karatasi ya majina iliyobandikwa. Walimwamuru asimame kama alivyoisimamia kampuni. Akasimama. Wakamkata mguu mmoja kwa panga, kisha wa pili, na kila alipoanguka walimwinua kwa makwapa wakimwambia asimame tena. Mzee aliyenisimulia haya alikuwa amejificha nyuma ya chanja ya samaki. Anasema Sadrack hakuomba msamaha, alirudia tu kwamba karatasi ina makosa.

Wenzake wanane waliuawa siku hiyo hiyo, wawili kati yao majini, walipokuwa wanaogelea, wakipigwa makasia vichwani. Nyumba kumi na saba zilichomwa. Bibi Simone, jirani yako, niliyekuambia amekimbilia Opala, alibaki ndani kwa sababu ya mguu wake mbaya. Nilimkusanya mwenyewe kwa mikono hii, na kitambaa cha meza kilimtosha. Nilikuficha hayo kwa sababu ulikuwa hulali, na pia kwa sababu nilikuwa na langu la kuficha.

Umeolewa kule miaka ishirini, desturi yao unaijua kuliko mimi. Kwenye kikao cha msitu, anayekubali hubaki kwenye kiti chake na anayekataa husimama, na maadamu kuna hata mmoja aliyesimama, jambo halijapita. Siku kampuni ya mbao ilipokuja kuomba msitu, Sadrack na wenzake kumi na wawili walisimama toka asubuhi mpaka wageni wakachoka wakapanda boti yao. Ulinisimulia huko Basoko jinsi alivyorudi nyumbani miguu imevimba, ukamkanda kwa maji ya moto, naye akacheka akasema kuwa angalau msitu umelala salama.

Kisha ikaja karatasi iliyosema kinyume. Majina yale yale kumi na matatu, la kwanza la Sadrack, na juu yake kwa herufi kubwa: WALIOKUBALI KUTOA MSITU. Kampuni ilinakili karatasi hiyo, ikaionyesha kwenye ofisi, na mashine zikaingia. Zilivuka kijito, zikapita juu ya makaburi ya watu wa ng'ambo, zikafukua mifupa ya baba zao ikachanganyika na magogo. Watu hao hawakuitwa kwenye kikao, hawakumwona nani alisimama na nani alikaa. Walichokuwa nacho ni orodha tu. Wakaichukua, wakavuka na mapanga.

Tangu hapo kila mtu anauliza ni nani aliiandika. Mohamadi alionekana akiipigilia misumari sokoni, basi ikasemwa kwamba kampuni ilimnunua. Jumanne iliyopita, mchana, Papy na baba zake wadogo walimkuta bandarini akishusha magunia ya chumvi. Walimfunga mikono kwa kamba ya boti yake mwenyewe, wakamburuta mpaka depo tupu nyuma ya soko la samaki, wakaanza kumpiga kwa nyaya za umeme na kwa kasia. Watu waliokuwa wananunua samaki walitazama pembeni. Jicho lake la kushoto limefumba na sidhani kama litaona tena.

Mimi nilikuwapo. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikijiambia kwamba nimekuja kumzuia Papy asifanye ujinga. Mohamadi aliponiona, akalia akasema, "Mi nilibeba tu. Muulize Benoît, yeye anajua." Wote wakanigeukia. Yaya, nilichukua kasia mkononi mwa mwanao, nikampiga Mohamadi mdomoni. Nikampiga tena, na tena, mpaka meno yakatoka na maneno yakakoma. Papy ndiye aliyenishika mkono. Aliniambia, "Tonton, inatosha, utamuua kabla mama aseme." Alinitazama kwa heshima ya mjomba, akidhani ni uchungu wa shemeji.

Orodha niliiandika mimi.

Unakumbuka mwaka jana nilivyokuja kwenu na kinasa sauti na madaftari, ukanichinjia bata. Tasnifu yangu ilihusu fikra za kisiasa za wenyeji na uwazi wa maamuzi ya serikali. Profesa Yunus, msimamizi wangu, alitaka kila uamuzi kuhusu ardhi ubandikwe pale ambapo watu wanapita, ili raia ajue nani alikubali na nani alikataa. Niliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Niliwaambia wanafunzi wenzangu kwamba wazee wa Lomami walijua uwazi kabla ya semina zote hizi za hotelini, na walipopiga makofi nikavimba kichwa. Nilipofungua daftari la katibu wa chifu nikakuta ukurasa wa kikao cha msitu, ameandika juu yake neno moja tu, "Waliosimama". Sikuwapo kwenye kikao hicho. Mimi na wewe tumekulia Kisangani, na hapa, kanisani na mtaani, anayeunga mkono jambo ndiye anayesimama. Chifu alikuwa hatua ishirini kutoka pale nilipokaa. Wewe ulikuwa jikoni. Sikuuliza mtu, mimi mtafiti. Niliporudi Kisangani nilichapa majina, nikaweka kichwa cha habari nilichokitunga mwenyewe, nikampa Mohamadi karatasi na misumari minne.

Ningeishia hapo ungeweza kusema ni kosa, na makosa husamehewa. Ila Sadrack aliniita kwa simu siku ya pili baada ya karatasi kubandikwa. Hakukasirika. Alisema, "Beau, shemeji yangu, uliandika mubaya. Kwetu mutu anasimama ju ya kukatala. Tuma neno batoe ile karatasi, batu ya ng'ambo hawajue mambo ya kikao." Aliniambia ameshamweleza katibu bila kunitaja, lakini katibu hawezi kugusa karatasi yenye muhuri mpaka mwenye nayo aseme.

Nilielewa papo hapo, Yaya. Nilifungua tasnifu nikaona kwamba sura nzima ya nne imesimama juu ya kosa hilo, na nilikuwa nimebakiza wiki nne kufika mbele ya jopo la walimu. Nikamwambia shemeji avumilie mpaka nitetee kazi yangu, kisha nitaleta karatasi mpya mwenyewe. Akasema sawa, na akaniuliza kama nimepata suti. Hakukuambia wewe, nadhani kwa sababu alitaka kunifichia aibu. Siku kumi na tano baadaye walimkata miguu. Siku sita baada ya kumzika nilivaa suti hiyo, nikasimama mbele ya jopo, nikasoma sura ya nne bila kubadilisha neno. Walinipa grande distinction, alama za juu. Nilikunywa bia na wenzangu, na nilicheka.

Leo saa nne asubuhi ilikuwa zamu yangu ya kumlinda Mohamadi. Nilimfungua kamba, nikampandisha kwenye pikipiki, nikamfikisha kwa dada yake Malika, ambaye alipomwona alikaa chini katikati ya ua. Njiani Mohamadi alisema jambo moja tu, kwa shida kwa sababu ya mdomo. Alisema kati ya wote waliompiga, mkono wangu ndio ulikuwa mzito kuliko yote. Sikumwomba msamaha, maana niliona ningekuwa namwongezea kazi. Papy bado hajui kama depo ni tupu.

Nimemwandikia pia Profesa Yunus anivue shahada, na nimemtumia orodha yenye kichwa chake cha kweli: WALIOKATAA. Nakala nyingine iko ndani ya bahasha hii. Uwape wazee, ili watu wa Lomami waache kusema kwamba mume wako aliuza makaburi. Na lile neno ulilokuwa umeandaa kwa Mohamadi, kama lilikuwa la kifo, sasa unajua ni la nani. Sitahama nyumba na sitabishana nawe.

Wasalimie watoto mmoja mmoja, na huyo mdogo umkumbushe kumeza dawa hata akitapika. Mama mwenye nyumba nimemwekea samaki waliokaushwa kwenye kikapu. Mungu akulinde, Yaya, kuliko nilivyokulinda mimi.

Barua hii anakuletea Papy. Anapanda boti kesho asubuhi, safari ni ya siku mbili, na kusoma nilimfundisha mimi mwenyewe. Bahasha sijaibandika gundi.

Ni mimi mdogo wako,
Benoît